Neno la Mmegara

Mfungwa aliyemkera Epikles kuliko wote hakuwa mkorofi. Alikuwa na adabu zake, alikula uji wake wa shayiri bila kulalamika, na kila asubuhi mlango ulipofunguliwa aliuliza swali lile lile kwa uso mkunjufu.

"Merikebu imefika?"

Katika gereza la Athene hakuna mwingine aliyeuliza hivyo. Merikebu takatifu ilikuwa kisiwani Delosi, imepeleka sadaka za Apolo, na tangu kuhani alipoivisha tezi yake, sehemu ya nyuma ya chombo, taji la maua mpaka itakaporudi bandarini, mji haukuruhusiwa kumwua mtu kwa hukumu. Waliohukumiwa kufa walikuwa wakiomba upepo mbaya. Mmoja wao, aliyemuua baba yake, alikuwa ameweka nadhiri ya mbuzi endapo tanga litachanika. Huyu Mmegara tu, mtu wa mji jirani wa Megara, ndiye aliyeingoja merikebu kwa hamu, kama mtu anayengoja mgeni wake.

"Bado," Epikles alimjibu asubuhi hiyo. "Lakini jana imeonekana kwenye rasi ya Sunioni. Leo mchana itakuwa bandarini."

"Poseidoni ashukuriwe!" Mmegara akapiga makofi. "Nilimwambia mke wangu, haitakawia."

Epikles akakaa juu ya kigoda na kumtazama. Kazi yake ilikuwa kuwahoji wafungwa kwa niaba ya wakubwa wa gereza, na alikuwa ameifanya muda mrefu hata sura ya mwongo aliijua kabla hajafungua mdomo. Kesi hii haikuwa na cha kuhoji. Bakuli la fedha, lile la kumiminia miungu divai, lilikutwa ndani ya mfuko wa Mmegara, mfua vyombo vya shaba na fedha mwenye kibanda chake bandarini Pireo. Hekalu dogo la mungu wa kike Leukothea, juu ya bandari, lilikuwa limepoteza bakuli la fedha. Mtu huyu akaletwa mbele ya Kharia, mkubwa wa zamu, akaulizwa kama wanavyoulizwa wote wanaokamatwa na kitu: ni la nani, na nyumba yake ni ipi? Akajibu neno moja tu.

*Naos.*

Hekalu. Aliyekiri hapelekwi mahakamani. Anangoja siku yake tu. Mmegara aliomba aitwe mlinzi wa *naos*, akaitwa, akasema hajawahi kumwona mtu huyu maishani mwake. Mambo yakaishia hapo. Sasa Kharia alitaka kujua jambo moja kabla ubao wa kuulia haujatolewa stoo: nani alimsaidia kuingia.

"Haya, Demetrio," Epikles akaanza.

"Damatrio, bwana. Nyinyi ulimi wenu mwembamba sana, kila *a* mnaiminya."

"Na wa kwenu mnene. Nani alikusaidia kuingia?"

"Kuingia wapi? Mimi sikuingia popote. Nilisimama chini, maji yananifika magotini, yeye akaninyooshea bakuli kutoka juu."

Hekalu la Leukothea liko mlimani. Huko juu hakuna maji ya kumfika mtu hata kwenye kisigino, na kisima chenyewe kimekauka.

"Yeye nani?"

"Mlinzi! Si ndiye niliyeomba aitwe?"

"Aliitwa. Amesema hakujui."

Damatrio akacheka, cheko la dhati kabisa. "Aliitwaje naye yuko Delosi? Mliniletea mama mmoja ana ufagio mkononi. Nikasema moyoni, Waathene kwa mizaha hawajambo. Mlinzi wa *naos*, mwanamke! Nikanyamaza. Mgeni akitaniwa anatulia."

"Huyo mlinzi wako alisimama wapi alipokupa?"

"Kwenye tezi ya *naos*. Pale pale walipofunga maua."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Epikles alilisikiliza lile shoka likipanda na kushuka. Hekalu lina nguzo, lina ngazi, lina mlango. Hekalu halina tezi.

"Damatrio," akasema polepole, "wewe unadhani uko humu kwa kosa gani?"

"Kukutwa na kitu kitakatifu. Sikatai, ni kitakatifu, maana merikebu yenyewe ni takatifu. Ndiyo nimesema ngojeni mlinzi arudi, aseme, niende zangu. Hata sijahukumiwa, bwana. Nimewekwa tu."

"Kwa nini alikupa?"

Mmegara akatazama mlango, kisha akainama. Aliapishwa asiseme, alieleza, na ndiyo maana siku ile mbele ya mkubwa alijibu neno moja tu na kufunga domo. Lakini kwa kuwa merikebu inaingia leo, haina neno tena. Nikoni, mlinzi wa vyombo vya merikebu, alikuwa akimimina divai kwenye tezi mara tu baada ya taji kufungwa. Bakuli likamponyoka, likagonga mbao, mdomo wake ukapinda. Hakuna aliyeona. Bakuli la miungu kuanguka kabla ya safari ni nuksi. Ingebidi itangazwe, na taji lifunguliwe, na kila kitu kianze upya. Nikoni akaona aibu, akaona na hofu. Akamwita Damatrio, mfua vyombo wa pale ufukoni, akampa bakuli chini kwa chini alinyooshe. Kabla halijanyooka upepo ukageuka, na merikebu ikaondoka na bakuli jingine.

"Nimelinyoosha vizuri," Damatrio akamalizia. "Waulize waliolichukua. Utapata shida kuona lilipopinda."

Epikles akainuka. Mlangoni akasita. Alitaka kumwambia mtu huyu kwamba merikebu ikishafunga kamba, asubuhi yake ndiyo ya ubao. Hakumwambia. Alijidanganya kuwa bado kuna muda wa kulirekebisha, na kwamba hakuna haja ya kumtia mtu kiwewe bure.

Uani alimkuta Sauraki, askari wa upinde, mtumwa wa mji kama walivyo askari wote, Mskithi wa kaskazini ya mbali mwenye masharubu mekundu. Alikuwa anakula zeituni na kutema kokwa ukutani.

"Tunakwenda Pireo," Epikles akasema. "Chukua lile bakuli stoo."

"Kulifanya nini? Mwizi amekiri."

"Hakukiri. Amesema 'la merikebu'."

Sauraki akaacha kutafuna. "Mimi nilikuwepo. Kasema hekalu."

"Kasema *naos*. Sikiliza. Sisi merikebu tunaiitaje?"

"*Naus*."

"Na ukitaka kusema kitu ni *cha* merikebu?"

"Neno linageuka mkia. *Neos*." Sauraki alifikiri kidogo. "Na hekalu pia ni *neos*. Hilo lilinisumbua sana nilipokuwa mgeni. Niliwahi kutumwa mlango wa merikebu nikaenda kusimama mlango wa hekalu mpaka jua likazama."

"Sasa Mmegara, penye *e* yetu yeye anaweka *a*. Hekalu kwake ni *naos*. Na *cha* merikebu?"

"*Naos*," Sauraki akasema. Akatema kokwa. "Nyinyi watu! Bahari mnayo, fedha mnayo, mmeshindwa kununua neno la pili?"

"Aliulizwa ni la nani, akajibu, la merikebu. Kharia akalichukua kama jibu la swali la pili, nyumba yake ni ipi, akasikia hekalu."

"Na mlinzi wa *naos*..."

"Ndiyo. Tukamletea mfagizi."

Katika michezo ya kuchekesha, Waathene hujaa viti vyote kumcheka Mmegara anavyosema. Kumsikiliza hawajawahi kujaribu, na Epikles alijua naye yumo.

Kwenye lango la gereza alikaa Klearista, mke wa Damatrio, na kikapu chake cha vitunguu saumu. Alikuwa amehamia pale tangu mumewe akamatwe. Aliuza saumu kwa wapitao na mchana akapenyeza mkate ndani. Alipomwona Epikles akasimama upesi.

"Kaka, nimesikia merikebu inaingia. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mlinzi atasema, sivyo? Usinifiche. Watu wa hapa wakiniona Mmegara wananijibu kwa mafumbo, kisha wanacheka pembeni. Akishasema, nataka uniletee neno lake lenyewe. Kama alivyolitamka. Usinitafsirie."

"Nitakuletea."

"Naapa wewe ndiye mtu wa kwanza hapa kuninyooshea maneno," akasema, akakaa tena.

Njia ya Pireo, katikati ya zile kuta ndefu zinazounganisha mji na bandari, ilikuwa imejaa watu wanaokwenda kuipokea merikebu. Epikles na Sauraki walikwenda kwanza mlimani, hekaluni.

Lisila, yule mlinzi wa hekalu, alikuwa mama mfupi, mkali, aliyemwona kila mgeni kama mtu aliyekuja na matope miguuni. Alikuwa anafagia ngazi ambazo hazikuwa na kitu.

"Siku ile ulipolitambua bakuli," Epikles akamwuliza, "ulilishika?"

"Nilishike limetoka mikononi mwa mwizi? Nimelitazama kwa mbali. Fedha ni fedha, bakuli ni bakuli. Letu lilipotea, hilo likaonekana. Unataka nini zaidi, kijana?"

"Nionyeshe mengine."

Yalikuwa ndani, yametundikwa ukutani moja baada ya jingine, kila moja kwenye msumari wake, na msumari mmoja mtupu. Epikles aliteremsha la karibu. Kwenye ukingo palikuwa na tundu dogo la kutundikia. Akateremsha la pili: tundu. Yote yalikuwa na tundu. Akalitoa lile la Mmegara kwenye kitambaa, akalizungusha mbele ya macho ya Lisila. Tundu halikuwepo. Chini ya kitako palikuwa na doa jeusi. Akalikwangua kwa ukucha na kumpa Sauraki anuse.

"Lami," Sauraki akasema. "Ya kuzibia mbao. Haki ya Zeu, hili halijawahi kulala hekaluni."

Ufagio wa Lisila ulikuwa umesimama. Uso wake ulibadilika kidogo, kisha ukarudi ulivyokuwa, na Epikles, aliyejua sura, akaona mlango ukifungwa.

"Mama," akasema, "kesho mtu atafungwa kwenye ubao kwa ajili ya bakuli hili, na maiti yake itatupwa shimoni bila kaburi. Si lenu. Unaona mwenyewe si lenu."

"Ninachoona ni msumari mtupu," Lisila akasema. "Hili si letu, basi letu liko wapi? Ataulizwa nani? Ufunguo nashika mimi peke yangu, mwanangu. Mimi. Siku ile nilipoambiwa mwizi amepatikana, ndiyo siku niliyopata usingizi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi nikiitwa nitakuja, na nitasema yale niliyosema."

"Utaitwa," Epikles akasema. "Shuka nasi. Na uje na bakuli moja lenye tundu."

Merikebu iliingia jua likiwa limepinda kidogo. Makasia yalipandishwa, watu wakaimba, kamba zikarushwa. Taji kwenye tezi lilikuwa limekauka na kubaki vijiti. Epikles aliwapita wanakwaya na wajumbe waliovaa nyeupe, akauliza nani anaitwa Nikoni, akaonyeshwa mwanamume mwembamba aliyekuwa akihesabu vyombo ndani ya sanduku, kila kimoja akikigusa mara mbili.

Epikles alifungua kitambaa kidogo tu, ukingo wa bakuli ukaonekana.

Nikoni akawa mweupe. "Lisitiri," akasema. "Nakuomba. Wajumbe wako hapo nyuma."

"Unalijua?"

"Yuko wapi Damatrio?"

"Gerezani. Wanasema ameliiba hekaluni. Kesho anakufa. Wewe ndiye mtu pekee anayeweza kusema alilipata wapi."

Mlinzi akakaa juu ya sanduku. Alikuwa na umri wa mtu mwenye watoto wadogo. Akajipangusa uso kwa viganja, akatazama tezi, akatazama watu waliokuwa wakiimba na kukumbatiana.

"Safari ilikuwa njema," akasema kwa sauti ya chini. "Bahari shwari, sadaka zikapokelewa. Unajua nilivyolala huko? Sikulala. Kila wimbi nilidhani ndilo. Nikisema sasa kwamba bakuli lilianguka, mimi ndiye niliyewapeleka watu wote hawa na nuksi juu ya vichwa vyao, nikanyamaza. Watanifanya nini?"

"Sijui. Damatrio watamfanya nini, hilo nalijua."

Nikoni akainuka.

"Nitakuja. Nitaapa, na nitasema kweli. Mimi siwezi kuapa uongo, bwana. Nimeshika vyombo vya Apolo kwa mikono hii, siwezi."

Epikles alimwamini. Njia nzima ya kurudi alitembea haraka kuliko kawaida yake, hata Sauraki akamwambia apunguze, bakuli litaanguka tena.

Kharia aliwapokea uani, mbele ya madhabahu ndogo. Cheo chake alikipata kwa kura. Kazi yake hasa ilikuwa kukamua zeituni, na muda wake wa zamu ulikuwa unakaribia kwisha. Alitaka umalizike bila kelele.

"Sema upesi," akamwambia Epikles. "Mimi sijala."

Epikles alieleza. Alieleza tundu na lami, akaweka mabakuli mawili ubavu kwa ubavu. Kharia aliyachukua, akayatazama, akaanza kukunja uso. Kwa muda mfupi ilionekana kama mambo yanageuka.

"Kweli hili halina tundu," akasema. "Mama Lisila?"

"Angalia ukingo," Lisila akasema bila kumtazama Epikles. "Umefuliwa upya. Huyo mtu ni mfua vyombo. Tundu kaliziba, na lami ni ya kibandani kwake. Ungetaka aache tundu apate kutambulikana?"

Kharia akapitisha kidole kwenye ukingo, pale pale Damatrio alipolinyoosha kwa ustadi wake wote. Palikuwa laini. Pakang'aa.

"Hapa kweli pamefuliwa," akasema.

"Palipinda," Epikles akasema. "Mwulize aliyelipinda. Yuko hapa."

Nikoni akasogea mbele. Aliweka mkono juu ya madhabahu, akaapa kwa Zeu na Apolo kwamba atasema kweli, na kama si kweli nyumba yake ing'oke mizizi. Maneno yote aliyatamka.

Kharia akajiweka sawa na kuuliza kama wanavyoulizwa wote: "Bakuli hili ni la nani, na nyumba yake ni ipi?"

Nikoni alilitazama. Akamtazama Lisila, akautazama mlango wa chumba cha wafungwa, uliokuwa umefungwa. Midomo yake ilicheza kwanza bila sauti.

"*Neos*," akasema.

"Vema," Kharia akasema. "Hekalu. Imekwisha."

Epikles alimgeukia Nikoni. Yule mtu alikuwa anatazama vidole vyake mwenyewe. Hakuwa ameapa uongo. Aliulizwa ni la nani, naye akajibu, la merikebu. Apolo alisikia hivyo. Na waliokuwa uani walisikia jibu la swali la pili, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu mtu kwa masikio ya wengine. Epikles akamgeukia Kharia.

"Mwulize tena! *Neos* ipi? Inayoelea au yenye nguzo?"

"Epikles, wewe Kiathene hukijui siku hizi?"

"Mwulize tu!"

"Nimeapa kusema kweli," Nikoni akanong'ona, "na nimesema kweli."

"Kweli ya majini au ya nchi kavu?" Sauraki akasema.

"Mtumwa afunge mdomo!" Kharia akafoka. Kisha akamshika Epikles kiwiko, akamvuta pembeni karibu na kuni, na sauti yake ikawa ya kawaida, karibu ya kirafiki. "Sikia, ndugu yangu. Mimi si mjinga. Nimenusa hiyo lami. Lakini likiwa la merikebu, lilifikaje kwa Mmegara? Lilianguka, sivyo? Lilianguka tezini baada ya taji. Basi safari ni batili. Sadaka ni batili. Mji mzima ni mchafu, na merikebu irudi Delosi upya, na watu wamekwisha kuimba na kunywa. Nani atawatangazia? Mimi, mkamua zeituni?"

"Basi irudi. Ikirudi, huyu mtu anaishi siku hizo."

"Na mimi, na huyu kijana wa merikebu, na yule mama? Mtu mmoja alikiri, Epikles. Kwa mdomo wake. Shahidi wake mwenyewe kaja, kaapa, kathibitisha. Ungekuwa wewe mahali pangu ungefanya nini?"

Epikles alitaka kusema angefanya jambo jingine. Badala yake akaokota ukuni mmoja na kuupanga juu ya mingine, na kwa hilo alijichukia. Kharia akampigapiga bega na kwenda kula.

Lisila alifunga bakuli lake ndani ya shuka, akachukua na lile la pili. Msumari mtupu ulikuwa umepata cha kubeba. Nikoni aliondoka wa mwisho; alipita karibu na Epikles bila kuinua macho, na kwenye kizingiti alijikwaa.

"Nimpige mshale wa matako?" Sauraki akauliza. "Mmoja tu, mdogo."

"Mwache."

Kutoka ndani ya chumba cha wafungwa ilisikika sauti ya Damatrio akiimba wimbo wa kwao, wa kupondea vitunguu. Alikuwa amesikia sauti ya Nikoni uani.

Klearista alikuwa amesimama langoni, kikapu kifuani. Aliwaona mashahidi wakitoka, lakini hakumsimamisha yeyote. Alimngoja aliyemwahidi.

"Kasemaje?" akauliza. "Kaka, uliniahidi neno lenyewe."

Kulikuwa na maneno mengine ambayo Epikles angeweza kuyasema, naye aliyatafuta. Lakini mwanamke alikuwa anamtazama mdomoni.

"Kasema, *neos*."

Alimwona akilichukua lile neno na kulipeleka nyumbani kwao. Midomo yake ililigeuza, *e* ikawa *a*, *naos*, na uso wake ukafunguka wote.

"La merikebu!" akapiga kelele. "Kasema la merikebu! Mbele ya mkubwa?"

"Mbele ya mkubwa."

"Na kaapa?"

"Kaapa."

Kikapu kikaanguka, saumu zikatawanyika njiani, naye akawa anacheka na kulia na kuziokota zote kwa wakati mmoja. Alimjazia Sauraki saumu mikononi, Mskithi akazipokea akiwa ametazama ukuta. Alimbusu Epikles mkono kabla hajaweza kuuondoa.

"Wanamtoa lini?"

"Kesho. Asubuhi."

"Basi nakimbilia Pireo nikafue joho lake. Lile alilonalo limejaa chawa, hawezi kupita nalo mbele za watu. Nije nalo, sivyo? Watamruhusu avae?"

Sauraki akageuka kumtazama mwenzake. Epikles alikuwa na harufu ya saumu puani na jua machoni; ubao hutolewa mara tu panapopambazuka.

"Njoo nalo," akasema. "Njoo mapema, dada. Njoo kabla hapajapambazuka."